Selous: baba na mutoto, tarehe moja ya kifo

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mwenye munabaki nyumbani na watoto, juma hii tuache kidogo habari ya bei ya koltani na ya karatasi za kare. Nataka kuwaelezea maisha ya mutu mumoja mwenye alikufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Alikuwa Mwingereza, muwindaji wa tembo, kisha akakufa akiwa kapiteni wa jeshi ya Uingereza kwenye vita ya kwanza ya dunia, karibu na muto Rufiji, katika inchi yenye leo inaitwa Tanzania. Jina yake ni Frederick Courteney Selous.

Mutauliza: sisi watu wa Bukavu tuko na kazi gani na muzungu wa tembo? Jibu ya kwanza: vita yenye ilimuua ilipita hapa kwetu. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walikamata kisiwa cha Idjwi, hapa hapa ndani ya ziwa Kivu. Mwaka wa 1916 jeshi ya Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, ikavuka mupaka, ikaingia Kigali mwezi wa tano, na tarehe 19 Septemba ikaingia Tabora. Wababu wetu walikuwa ndani, wengine na bunduki, wengi zaidi na mizigo ku kichwa. Jibu ya pili: katika maisha ya huyu mutu kuna karatasi ya dhahabu, kuna kazi yenye kuua, na kuna jamaa yenye kubaki nyuma. Hayo mambo matatu, mutu wa mugodi hana lazima ya kuelezwa sana.

Mutoto mwenye alilala ku sakafu

Selous alizaliwa tarehe 31 Desemba 1851 kule London. Kwao hakukukosa kitu. Baba yake alikuwa mukubwa katika soko ya hisa ya London, fasi watu wanauzishana vipande vya makampuni. Mama yake alikuwa anapenda kuandika mashairi. Walikuwa watoto watano, wavulana wawili na wasichana watatu. Mudogo wake Edmund naye alikuja kujulikana sana, juu ya kuandika vitabu kuhusu maisha ya ndege wa pori.

Frederick alisoma vitabu vya Livingstone angali mutoto, na Afrika ikamuingia ku roho. Inasimuliwa kama siku moja ku masomo, mwalimu alimukuta usiku amelala ku sakafu na shati ya kulala tu, kitanda iko tupu pembeni. Kumuuliza, akajibu kama anazoesha mwili yake, juu siku moja atakuwa muwindaji kule Afrika.

Tarehe 15 Januari 1867, akiwa na miaka 15, alienda kucheza na watu wengine juu ya ziwa ya Regent's Park mu London. Kule wakati wa baridi kali maji inaganda, watu wanatembea juu yake kama ku barabara. Siku ile barafu ilivunjika, mamia ya watu wakaanguka ndani. Watu 40 walikufa. Kijana Selous hakusimama, hakukimbia. Alilala kwa tumbo, akatambaa pole pole kutoka kipande kimoja cha barafu mupaka kingine, mupaka akafika ku kando. Mwenye amekwisha kutoka ndani ya shimo yenye inaanguka anajua ile namna ya kutambaa.

Pauni 400 na ruhusa ya mufalme

Baba yake alitaka awe daktari. Akamutuma kusoma Uswisi na Ujerumani. Lakini mutoto hakugeuka. Mwezi wa Septemba 1871 alishuka ku Afrika ya Kusini na pauni 400 ku mufuko, akiwa na miaka 19. Mwaka wenye ulifuata akafika mbele ya Lobengula, mufalme wa Wandebele, katika inchi ya leo Zimbabwe, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mufalme alimuangalia, akacheka. Aliona ni katoto tu. Akamuachia apite, akifikiri tembo wenyewe watamufukuza.

Tembo hawakumufukuza. Aliwawinda kwa mguu, juu katika yale mapori farasi alikuwa anakufa na mbung'o. Alibeba bunduki nzito za kushindilia baruti, zenye kupiga bega nguvu sana. Karibu miaka 20 njo ilikuwa maisha yake: pembe za ndovu kwanza, kisha tembo walipopunguka, ngozi na mafuvu ya wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mwaka wa 1881 alitoa kitabu juu ya safari zake, na jina yake ikatembea kote Uingereza. Vijana walimusoma sawa vile sisi tulikuwa tunasikiliza mupira ku radio.

Lakini hakutembea peke yake hata siku moja. Kulikuwa wenye kubeba bunduki ya pili, wenye kufuata nyayo, wenye kuchuna, wenye kupika, wenye kuchunga ngombe za magari. Mwaka wa 1888, kaskazini ya muto Zambezi, Waila walivamia kambi yake usiku. Watu wake wengi waliuawa. Yeye aliponyoka gizani, akatembea siku nyingi peke yake mupaka akapata wenye kumupokea. Wale wenye walibaki ndani ya ile kambi, leo hakuna jiwe yenye majina yao.

Karatasi ya dhahabu

Hapa, wandugu, mufungue masikio. Wakati ule watu waliamini kama kuna dhahabu nyingi sana katika inchi ya Washona, upande wa mashariki wa Lobengula. Cecil Rhodes, mwenye alitajirika na almasi ya Kimberley, aliitaka. Mwezi wa Oktoba 1888 watu wake walimufanyisha Lobengula sahihi ku karatasi yenye inaitwa Mapatano ya Rudd. Kwa haki ya kuchimba madini yote ya inchi yake, mufalme aliahidiwa bunduki 1 000, risasi 100 000, pauni 100 kila mwezi, na chombo cha vita cha moshi ku muto Zambezi. Lobengula hakujua kusoma. Yenye aliambiwa kwa mudomo na yenye iliandikwa havikuwa kitu kimoja. Alipoelewa, alituma wajumbe mupaka kwa malkia Victoria kulalamika. Haikusaidia. Mwaka wa 1889 kampuni ya Rhodes ilipewa kibali ya malkia.

Selous naye aliingia katika hii biashara. Mwaka ule ule wa 1889 alipata karatasi yake mwenyewe kwa machefu wa Kishona. Rhodes hakutaka mushindani. Akamulipa, akamuchukua upande wake. Mwaka wa 1890 Selous njo alionyesha njia kwa musafara wa watu wa Rhodes, karibu 200 pamoja na polisi wa kampuni. Kila mumoja wao aliahidiwa vipande 15 vya kuchimba dhahabu na shamba ya eka 3 000. Selous alipitisha barabara mbali na muji wa Lobengula, akikata pori mamia ya kilometa, na mwezi wa Septemba wakasimamisha bendera fasi yenye leo ni Harare.

Dhahabu haikupatikana sawa walivyofikiri. Basi wakageukia mashamba na ngombe. Mwaka wa 1893 kampuni ilipiga vita na Lobengula, bunduki za kumimina risasi zikamaliza vijana wake. Selous alikuwa upande wa kampuni, akajeruhiwa. Lobengula alikimbia, akakufa njiani mwanzo wa 1894. Ile njo ilikuwa mwisho wa mutu mwenye alimupa kijana wa miaka 20 ruhusa ya kuwinda.

Sisemi Selous alikuwa mutu mubaya kuliko wenzake. Watu wote wenye walimujua walisema hakuwa mwongo, na hakujisifu bure. Lakini mutu muzuri anaweza kuonyesha njia kwa mambo mabaya, na kuitetea kwa kitabu, na kulala usingizi. Tunaona hivyo hata leo.

Bibi, nyumba, na watoto wawili

Mwezi wa Aprili 1894, akiwa na miaka 42, Selous alioa. Bibi yake aliitwa Marie Catherine Gladys Maddy, binti ya padri wa Kanisa ya Uingereza. Alikuwa kijana sana kupita bwana yake. Walirudi pamoja Afrika, Selous akiwa musimamizi wa shamba kubwa kule Essexvale, karibu na Bulawayo.

Mwezi wa Machi 1896 Wandebele waliamuka, na nyuma yao Washona. Ngombe zao zilikuwa zimechukuliwa, watu walikuwa wanalazimishwa kazi, na ugonjwa wa ngombe ulikuwa unamaliza zenye zilibaki. Nyumba ya Selous ilichomwa moto. Yeye alichukua bunduki, bibi yake akakimbilia Bulawayo. Kwa mwanamuke mwenye alitoka juzi katika nyumba ya padri, ile njo ilikuwa mwanzo wa ndoa: moto, kukimbia, na kungojea kama bwana atarudi. Vita ilipotulia, walirudi Uingereza.

Walikaa Worplesdon, kijiji cha upande wa kusini wa London. Mwaka wa 1898 alizaliwa mutoto wa kwanza, wakamupa jina ya baba yake, Frederick. Nyumbani walimuita Freddie. Mwaka wenye ulifuata akazaliwa Harold. Pembeni ya nyumba Selous alijenga jumba ya kuweka wanyama wake. Watoto walikomaa katikati ya simba na nyati wenye macho ya kioo.

Baba hakutulia. Alienda kuwinda Uturuki, Norwe, Kanada, na kurudia Afrika. Vita ya Waingereza na Makaburu ilipoanza mwaka wa 1899, aliikataa kwa wazi, akaandika ku magazeti kama si ya haki, hata watu wengi wa Uingereza wakamukasirikia. Alikuwa na urafiki na Theodore Roosevelt, mukubwa wa Marekani, akamusaidia kutengeneza safari yake kubwa ya kuwinda ya mwaka wa 1909, yenye ilianzia Mombasa. Hivi njo maisha ilikuwa inaenda: baba mwenye kutoka na kurudi, bibi mwenye kungojea, watoto wawili wenye kukomaa.

Muzee mwenye hakutaka kubaki

Mwezi wa Agosti 1914 vita ilianza Ulaya. Selous alikuwa na miaka 62. Alijiandikisha, wakamukataa juu ya uzee. Hakuacha. Mwisho walimukubali katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, chenye kiliitwa cha watu wa mipaka. Kilikuwa kikosi cha ajabu: wawindaji, wachimba dhahabu, masoda wa zamani, hata watu wa michezo ya sarakasi. Wengi walikuwa wamepita umri wa vita. Walishuka Mombasa mwezi wa tano 1915.

Mwezi wa sita walivuka ziwa Victoria kutoka Kisumu, wakashambulia Bukoba, wakavunja mulingoti wa simu ya hewani wa Wajerumani. Selous alitembea mbele kuliko vijana. Kisha akapewa cheo cha kapiteni. Wenye walikuwa naye waliandika kama wakati wa mapumuziko aliendelea kukimbiza vipepeo na kavu, akivikusanya kwa makumbusho, muzee wa ndevu nyeupe katikati ya vita.

Muuaji mukubwa wa ile vita hakuwa risasi. Malaria, kuhara, na njaa njo vilimaliza kikosi. Waliingia zaidi ya watu elfu moja. Nyuma ya mwaka mumoja na nusu, wenye waliweza kusimama na bunduki walikuwa wachache sana. Selous alisimama wakati vijana walianguka. Lakini mwaka wa 1916 naye aligonjwa, wakamurudisha Uingereza kwa operasyo. Alipewa medali ya heshima, DSO. Alikuwa amefika nyumbani. Bibi yake alikuwa naye. Hakuna mutu mwenye angemulaumu kama angebaki pale, kuketi katikati ya wanyama wake na kungojea mwisho wa vita.

Akarudi. Mwezi wa Desemba 1916 alikuwa tena Afrika ya Mashariki. Tarehe 31 ya mwezi ule alitimiza miaka 65.

Beho Beho, tarehe 4 Januari 1917

Wajerumani wa Lettow-Vorbeck walikuwa wanarudi nyuma kuelekea muto Rufiji. Tarehe 4 Januari, fasi inaitwa Beho Beho, kampuni ya Selous ilitumwa kuzunguka kwa kuwafungia njia. Risasi zilianza kutoka kwa watu wenye walijificha ndani ya miti. Selous aliinua kichwa na kioo ya kuangalia mbali, aone zinatokea wapi. Risasi moja ikamupata ku kichwa. Alikufa pale pale.

Mubebaji wake wa bunduki aliitwa Ramazani. Husimuliwa kama alipoona bwana yake ameanguka, alikimbia kuelekea kwa adui bila kujali kitu, na hakurudi. Katika vitabu vingi ile ni musitari mumoja. Ramazani tu: hakuna jina ya baba, hakuna kijiji, hakuna bibi, hakuna watoto.

Selous alizikwa pale pale. Kaburi iko mupaka leo, na jiwe ya chini na jina yake na tarehe. Hata Lettow-Vorbeck, adui wake, katika kitabu chake alimutaja kwa heshima, juu Wajerumani wengi walimujua mbele ya vita na walipenda masimulizi yake.

Tarehe ile ile, mwaka mwingine

Sasa turudi kwa mama Gladys, kule Worplesdon. Bwana amekufa mbali, mwili hautarudi. Mutoto mukubwa, Freddie, alikuwa amesoma ku Rugby sawa baba yake, kisha ku masomo ya maofisa, akaingia jeshi ya ndege. Ndege za wakati ule zilikuwa mbao, kitambaa, na waya. Freddie alikuwa rubani wa kikosi cha 60 kule Ubelgiji na Ufaransa. Alipata medali ya ushujaa. Alikuwa kapiteni na miaka 19, cheo kile kile baba yake alifikia na miaka zaidi ya 60.

Tarehe 4 Januari 1918, mwaka mumoja kamili nyuma ya kifo cha baba, Freddie aliruka na wenzake kupita musitari wa vita kule Ubelgiji. Katika kushuka kwa nguvu kumufuata adui, mabawa ya ndege yake yalivunjika hewani. Akaanguka na kufa.

Mufikiri ile nyumba. Mama anafanya ukumbusho wa mwaka mumoja wa bwana yake, na siku ile ile mutoto anakufa. Ilibaki mama na Harold, na lile jumba la wanyama wasiosogea. Mwaka wa 1919 mama aliwatoa wale wanyama kwa jumba ya makumbusho ya London. Mwaka wa 1920 wakaweka pale sanamu ya shaba ya Selous, iko ku ukuta mupaka leo. Mwaka wa 1922 Waingereza wakaita pori ya Rufiji kwa jina yake: Selous. Ilikuja kuwa moja ya mapori makubwa ya kulinda wanyama katika Afrika yote, na tangu 1982 iko ku orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mutu mwenye aliua tembo mingi akawa jina ya fasi ya kulinda tembo.

Hata ile jina haikupumuzika. Mwaka wa 2012 kipande cha kusini kilitolewa ndani ya urithi ule juu ya mugodi wa urani. Mwaka wa 2019 serikali ya Tanzania ilikata sehemu kubwa, ikaita Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na pale ku korongo ya Rufiji wakajenga baraji kubwa ya umeme. Kaburi ya muzee iko sasa ndani ya hifadhi yenye jina ya Nyerere. Sioni ubaya. Majina ya inchi yanarudi kwa wenye inchi.

Na wale wenye walibeba?

Kila sanduku ya risasi yenye ilifika Beho Beho, kila mufuko wa unga, ilifika juu ya kichwa ya mutu. Katika ile vita Waingereza walichukua karibu wapagazi milioni moja, wengi kwa nguvu. Kwa hesabu yao wenyewe, karibu 95 000 walikufa, na wenye kujua historia wanaona hesabu ya kweli ni kubwa zaidi. Upande wetu wa Kongo, Wabelgiji walichukua wapagazi zaidi ya 200 000. Walikufa na kuhara, baridi ya milima, njaa, na uchovu. Ku Rufiji, mwaka ule wa 1917, mvua kubwa ilifurisha muto, chakula ikakosa kufika, na wapagazi njo walikuwa wa kwanza kukatiwa.

Kule Dar es Salaam kuna mutaa na soko inaitwa Kariakoo. Jina ile inatokana na kambi ya jeshi ya wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, yenye ilikuwa pale. Watu wanauza nyanya na simu, wengi hawajui wanakanyaga fasi gani.

Lakini jambo lenye linaniuma kupita yote ni hili. Nyuma ya vita, mishahara ya wapagazi wengi wenye walikufa ilibaki ku hesabu ya serikali. Feza zilikuwapo. Wenye kulipwa hawakupatikana. Majina yaliandikwa vibaya, ao iliandikwa jina ya kuitwa tu bila kijiji, ao hayakuandikwa hata kidogo. Wajane walingojea, watoto wakakomaa na njaa, na feza ya baba yao iko mahali fulani ndani ya sanduku. Kulikuwa wakubwa wenye waliomba zitumiwe basi kwa faida ya Waafrika. Serikali ya London ilikataa.

Katika jamaa yetu wazee walisema kuna mumoja wetu mwenye alitoka na mizigo ya jeshi wakati wa Tabora, hakurudi. Niliuliza jina yake kwa baba yangu. Baba hakuijua. Aliuliza kwa babu angali muzima. Babu alijua tu jina ya kuchekesha yenye walimuitia. Kapiteni Selous, ninaweza kuwaambia alizaliwa siku gani, alikufa siku gani, mutoto wake aliendesha ndege katika kikosi gani. Damu yangu mwenyewe, siwezi kuwaambia jina yake.

Na tusifikiri ile ni ya zamani. Miaka fulani iliyopita, ku shimo fulani nilipokuwa natumika, udongo ulianguka usiku juu ya watu watatu. Wawili tuliwajua, tukawapeleka kwao. Wa tatu alikuja juma moja tu mbele, tulimuita kwa jina ya sehemu alikotoka. Tulichanga feza ya kilio. Mupaka leo ile feza hatukujua tuipeleke kwa nani. Alikuwa na pete ku kidole. Kwa hiyo kuna mwanamuke fasi moja mwenye angali anangojea, ao amechoka kungojea, na hakuna mutu mwenye alimufikishia habari.

Tangu siku ile niko na kaye. Mutu haingii ku shimo yetu mbele ya kuandikwa ndani: jina yake yote, jina ya baba na mama, kijiji, chefferie, jina ya bibi, hesabu ya watoto, na simu ya mutu mumoja wa kwao. Wenye mashimo wengine walinicheka, wakasema ninapoteza wakati, ao ninaleta bahati mubaya. Dakika tano tu zinatosha. Kaye moja haifiki bei ya chupa ya bia.

Mama Gladys alilia kilio kikubwa, na hakuna medali yenye ilimurudishia watu wake. Lakini alijua walikufa wapi, siku gani, na nani aliwaona. Alipata barua, alipata fasi ya kuelekeza macho. Wajane wa wapagazi hawakupata hata ile. Wandugu, kesho asubui, mbele ya kushuka, muulize mwenzenu mwenye anashika kamba pembeni yenu jina yake yote. Muandike. Na wamama, mukague kama jina ya bwana yenu iko ndani ya kaye, na kama yenu iko pembeni yake.